Ufukwe wa Mtoto wa Miaka Miwili: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Utalii Tanzania na Uongozi wa Mkoa wa Kigoma



Kwa miaka kadhaa mmekuwa mkituhimiza Watanzania tuitembelee nchi yetu wenyewe. Wito huo umefika hata huku Kasulu na Kibondo, na mara nyingi picha inayoambatana nao ni ileile: mchanga mweupe wa Nungwi au Paje, minazi, maji ya feruzi, na familia imejipumzisha chini ya mwavuli wa makuti. Hakuna anayebisha kwamba Unguja ni pazuri. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya laki 7, na hawakuja kwa kubahatisha. Ninachokiandikia ni kile ambacho picha ile haikionyeshi, yaani njia ya kufika pale ukiwa umempakata mtoto wa mwaka mmoja na nusu au miwili, safari ikianzia nyanda za juu za Kigoma. Kwa familia yenye mtoto wa umri huo, anayeamua likizo iwe wapi ni mtoto, na yeye hupima kwa saa za njiani. Kwa kipimo hicho ufukwe wetu uko Ziwa Tanganyika, nanyi mna kazi ya kuufanya umfae mtoto huyo kabla ya kuendelea kutunadia kisiwa.

Tuihesabu safari yenyewe. Anayetoka Kibondo ana zaidi ya kilomita 1,000 za barabara kabla hajaiona bahari, kupitia Nyakanazi, Kahama, Singida na Dodoma. Akifika Dar es Salaam anapanda boti ya takriban saa mbili hadi Unguja, kisha gari jingine la kumvusha upande wa pili wa kisiwa. Anayeteremka Kigoma kupanda treni ya reli ya kati, ile iliyofika ziwani mwaka 1914, ana takriban kilomita 1,250 na zaidi ya siku nzima ndani ya behewa. Mtu mzima atauma meno na kufika. Mtoto wa miaka miwili hana uvumilivu huo, wala hakuna sababu ya kumdai. Basi husimama kuchimba dawa pale dereva anapotaka, na tumbo la mtoto halijui ratiba ya dereva. Uji uliotiwa kwenye chupa alfajiri hauaminiki tena ifikapo mchana, na kubadilisha pampasi juu ya kiti cha basi ni adhabu kwa mama na kwa aliyeketi naye. Mwenye likizo ya siku saba ataacha nne barabarani, na hizo tatu zilizobaki mtoto atazitumia kulipa usingizi aliokosa. Ndege kutoka Kigoma ipo, na mtoto aliye chini ya miaka miwili hupakatwa kwa sehemu ndogo tu ya nauli. Lakini tiketi za wazazi wawili kwenda na kurudi zinaweza kumeza mshahara wa mwezi wa mwalimu wa shule ya msingi, na hapo bado hawajalala hotelini hata usiku mmoja.

Sasa tugeukie magharibi. Kutoka Kasulu hadi mjini Kigoma ni takriban kilomita 100, na kutoka Kibondo ni zaidi kidogo ya mara mbili ya hapo. Wenye umri wanaikumbuka barabara ya vumbi, na miaka ambayo mabasi ya ukanda huu yalisindikizwa na askari wenye silaha kwa kuhofia majambazi. Lami ya Kidahwe hadi Kasulu, pamoja na mradi wa barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu uliopata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, imebadili hesabu hiyo. Mtoto anayesinzia mkiiacha stendi ya Kasulu anaweza kuamka karibu na maji. Na maji yenyewe yanamfaa. Ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, chini sana ya milima ya Buha, kwa hiyo mwezi Julai, wakati watoto wa Kasulu wanapovalishwa masweta asubuhi, uso wa ziwa hubaki na joto la karibu nyuzi 25. Hakuna chumvi ya kumwasha macho. Hakuna kujaa na kupwa. Hili la mwisho lina uzito kuliko matangazo yenu yanavyodhani, kwa sababu pwani ya mashariki ya Unguja maji hurudi nyuma mamia ya mita, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Mzazi anaweza kukuta bahari imeondoka saa ambayo mtoto yuko macho na kurudi saa ambayo mtoto amelala. Ziwa halina kalenda hiyo.

Naijua hoja itakayotangulia kutajwa mezani kwenu: kichocho. Ni hoja nzito, na ndiyo hasa iliyonifanya niandike kwa mamlaka badala ya kuwaandikia wazazi wenzangu. Kichocho cha tumbo kimekuwapo Ujiji na katika vijiji vya mwambao kwa miongo mingi. Hata nyani wa Gombe wamekutwa nacho. Tafiti zilizofanywa Uganda kando ya Ziwa Victoria na Ziwa Albert zilionyesha kwamba watoto wasiofikia umri wa shule huambukizwa pia, ilhali kwa muda mrefu dawa ilikuwa ikigawiwa shuleni tu na wadogo wakaachwa nje ya hesabu. Baadhi yao hawakuwahi kuogelea. Mama alichota maji ya ziwa, akayatia kwenye beseni, akamwogesha mtoto humo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa ya praziquantel itolewe kwa jamii zilizoathirika kuanzia umri wa miaka 2, na mwaka 2024 likakiidhinisha kidonge cha arpraziquantel, kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo. Tiba, basi, ipo. Kinachokosekana ni taarifa. Konokono wanaobeba vimelea hupenda maji ya kina kifupi yaliyotulia, yenye magugu, jirani na makazi ambako kinyesi huingia ziwani. Ufukwe wa mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi, ulio mbali na mwalo na mdomo wa mto, huwa na hatari ndogo zaidi. Lakini mzazi hawezi kuiamini hatari hiyo ndogo mpaka mtu awe ameipima na kuiandika kwenye kibao.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mitambo ya kutisha. Mtaalamu hukusanya konokono kwa kopo lenye matundu, huwaweka kwenye chombo cha maji safi chini ya mwanga, na vimelea vikitoka huonekana kwa hadubini. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania ina kituo mjini Kigoma, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu imeufanya uchunguzi wa aina hii sehemu nyingine za nchi. Duniani jambo hili si geni. Mpango wa Bendera ya Bluu ulianza Ufaransa mwaka 1985, ukavuka mipaka ya Ulaya kwa mara ya kwanza ulipofika Afrika Kusini mwaka 2001, na bendera yake hutolewa kwa fukwe za bahari na za maziwa ambazo maji yake hupimwa mara kwa mara, zenye vyoo, vifaa vya uokoaji na matokeo ya vipimo yaliyobandikwa mahali watu wanaweza kuyasoma. Sidai bendera hiyo ipepee Kigoma mwakani. Nadai wazo lake la msingi, kwamba anayemwalika mgeni kwenye maji ana wajibu wa kumwambia yakoje.

Baada ya kichocho kuna kuzama. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na katika sehemu nyingi za mwambao kina hicho huanza ghafla, hatua chache tu kutoka mahali maji yalipokuwa magotini. Pepo za kusi za kiangazi huamsha mawimbi ambayo mgeni kutoka milimani hayatarajii. Mamba na viboko wapo pia, hasa karibu na midomo ya mito kama Malagarasi. Yote haya yanahitaji mambo ya kawaida kabisa: kamba ya maboya inayoonyesha mwisho wa kina kifupi, mwokoaji aliyefunzwa, kibao kinachosema ukweli. Na yanahitaji jaketi okozi za watoto. Kwenye boti nyingi za abiria, hata jaketi zikiwa za kutosha kwa idadi, zimeshonwa kwa kifua cha mtu mzima. Mtoto wa kilo 11 akivalishwa huchomoka chini yake. Nchi hii ilizika watu zaidi ya 220 baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati la Ukara. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania lina mamlaka ya kuzuia chombo kisichokuwa na vifaa vya usalama, na ninaomba katika ukaguzi wake ukubwa wa jaketi uhesabiwe pamoja na idadi.

Hapa niseme pia nisichokiomba. Siombi watoto wadogo wapelekwe kuwaona sokwe wa Gombe. Mwaka 2002 sokwe dume aliyejulikana kwa jina la Frodo alimnyakua mtoto wa binadamu wa miezi kama 14 ndani ya hifadhi ile na kumuua, na mafua ya binadamu nayo yamewahi kuwaua sokwe. Kuwazuia watoto kwenye msafara wa sokwe ni busara kwa pande zote mbili. Ila kwa kuwa jina la Kigoma katika utalii limefungamanishwa na Gombe na Mahale, mgeni mwenye mtoto huambiwa, bila kuambiwa, kwamba mkoa huu haumhusu. Mkoa una mwambao mrefu nje ya hifadhi hizo mbili, kuanzia mpaka wa Burundi, kupita Kibirizi, Bangwe na Katonga, hadi kusini kabisa mwa Uvinza. Katika mwambao wote huo ni sehemu chache tu, kama ule ufukwe wa Jakobsen nje ya mji, ambazo mtu anaweza kukutajia mkeka utandikwe wapi.

Wapo watakaouliza, na kwa haki, kama watu wa Kasulu na Kibondo wana haja ya ufukwe wakati bado tunadai maji ya bomba, zahanati na madawati. Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliukuta mkoa wetu ukiongoza nchini, takriban mtoto 1 kati ya 4 walio chini ya miaka 5 akiwa na vimelea. Kwa nini basi tuzungumzie kuogelea? Jibu langu la kwanza ni kwamba vitu ninavyoviomba havimngoji mgeni ili viwe na faida. Choo cha ufukweni kinachozuia kinyesi kufika majini, kibao cha kichocho, konokono waliochunguzwa, jaketi za watoto, vyote vitatumiwa kwanza na mtoto wa mwalo anayeingia ziwani kila siku ya maisha yake. Mgeni wa wiki moja atakuwa amempa kisingizio cha bajeti. Jibu la pili ni kwamba watu wa nyanda za juu husafiri tayari. Tunakwenda harusini, misibani, kwenye makongamano ya dini. Wafanyabiashara wa maharage wanafika kila soko la mkoa huu. Wapo walimu na wauguzi wanaotoka mikoa mingine, wenye likizo ya mwaka inayotambuliwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Wengi huimalizia nyumbani wakipiga chokaa. Mtu wa namna hii hana haja ya hoteli ya nyota tano. Anahitaji gesti safi yenye chandarua kisichotoboka, jiko la kuchemshia maziwa ya mtoto, na bei iliyobandikwa ukutani isiyopanda kwa kuangalia viatu vyake.

Wengine watasema mtoto wa miaka miwili hatakumbuka lolote, kwa hiyo fedha hiyo ni ya kutupa. Hoja hii huzungumzwa sana na watu ambao hawajaachiwa mtoto huyo peke yao kwa wiki tatu. Likizo ya namna hii ni ya mama na baba pia, na mama wa Kibondo anayelima, anayepika na kubeba mgongoni hahitaji kumbukumbu ya mtoto kama risiti.

Hoja ninayoiogopa zaidi inatoka upande mwingine: kwamba tukizitangaza fukwe, wenye fedha watazizungushia ukuta, na wavuvi na watoto wa Katonga watajikuta wanachungulia ziwa lao kupitia geti. Hofu hiyo ina mifano katika pwani nyingi za Afrika Mashariki. Ila kinga tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Ikisimamiwa, ufukwe hauwezi kuwa ua wa hoteli. Ziwa lenyewe limeshatoa sababu nyingine ya kuiheshimu: katika miaka ya karibuni maji yalipanda na kuzifunika sehemu za mwambao katika nchi zote zinazolizunguka, na kule Burundi maelfu ya watu walihama makazi yao kando ya Bujumbura. Anayejenga ukuta kwenye mchanga anajenga mahali ziwa linapopita. Vibanda vyepesi vya kivuli vinavyohamishika, vyoo vilivyojengwa juu ya mstari huo, na njia ya umma iliyochorwa kwenye ramani ya mipango miji ya halmashauri vitagharimu kidogo kuliko kesi za baadaye. Kivuli hicho, niongeze, kisichukuliwe kama pambo. Shule ya Kabanga, jirani na mji wa Kasulu, iliwapokea watoto wenye ualbino wakati wa mauaji yale ya kutisha yaliyowalenga, na familia zao ni sehemu ya nyanda hizi. Kwao ufukwe usio na kivuli ni mlango uliofungwa.

Nimalizie na riziki ya wenye ufukwe, maana bila wao mpango huu hauna mikono. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zinazolimiliki ziwa. Sababu ya kitaalamu ilikuwa ya kweli. Dagaa na migebuka wamepungua na kila mvuvi anajua. Lakini katika miezi hiyo mitatu nyumba nyingi za mwambao zilibaki bila kipato. Itazameni kalenda hiyo kwa jicho la utalii. Mvua zimekwisha, barabara zimekauka, huku milimani ni baridi, na mwezi Juni shule zinafungwa. Majira ambayo boti zinafungwa ndiyo yaleyale ambayo familia ya Kasulu ingeweza kushuka. Mvuvi anayeijua kila hatua ya mwalo wake ndiye anayefaa kufunzwa uokoaji; mke wake, anayekaanga samaki, anaweza kupika kwa wageni; chumba cha ziada kinaweza kupigwa plasta. Kwa kuwa kusi huvuma miezi hiyohiyo, wageni wenye watoto wabaki nchi kavu na maji ya magotini, wala wasishawishiwe na safari za boti za mbali. Ufukwe wa Matema wilayani Kyela, kwenye Ziwa Nyasa, umekuwa ukipokea kwa miaka mingi wageni wanaotoka Mbeya, wengi wao wakilala katika nyumba za kanisa za bei nafuu, na hakuna aliyewahi kuhitaji kuufananisha na Zanzibar ili waende.

Ninachoomba, basi, ni ufukwe mmoja wa kuanzia. Mkoa uuchague pamoja na serikali ya kijiji, ndani ya mwendo mfupi kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, kwa kuwa mzazi mwenye mtoto huuliza hospitali kabla ya kuuliza chakula. Konokono na maji vipimwe kabla ya Mei na tena katikati ya msimu, na matokeo yabandikwe hata yakiwa mabaya. Yakiwa mabaya ufukwe ufungwe na sababu isemwe. Halmashauri ijenge vyoo na kivuli nje ya mita 60. Shirika la Uwakala wa Meli likague jaketi za watoto katika kila chombo kinachobeba abiria kutoka Kibirizi. Nanyi Bodi ya Utalii mkishapata majibu ya vipimo, tangazeni kwenye redio zinazosikika Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe: nauli, bei ya chumba, kina cha maji, na umri wa mtoto mnayemkaribisha. Tangazo hilo liwe tayari kabla shule hazijafungwa mwezi Juni.

Ni mimi,
Mwananchi wa Kasulu